Serengeti Bila Kukodi Gari

Jumatatu, 3 Julai 1995

Shule imefunguliwa. Kikao cha klabu ya wanyama. Mwalimu Januarius, mlezi wetu, katangaza kwamba safari ya Serengeti haipo. Gari la kukodi linatoka Mwanza, na shule yenyewe inaazima chaki. Watu wakaguna, wakatoka kucheza. Mimi nikabaki nimekaa kama niliyemwagiwa maji.

Constantine, mwenyekiti wa klabu, akasema mwacheni Twiga aomboleze. Twiga ndiye mimi. Mrefu, mpole, sina sauti. Hapa shuleni ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako. Kidato cha pili kizima ni mimi peke yangu sijawahi kukivaa. Walimu wanadhani napenda Kiingereza. Ukweli ni kwamba hakuna lugha ninayoiongea.

Nikiri hapa, maana hapa hakuna anayenitazama. Simba siwataki. Nyumbu sina shida nao. Namtaka Baba.

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, kiwanda kikapunguza watu, Baba akapunguzwa. Sasa anatunza jenereta kwenye hoteli moja huko ndani ya mbuga. Aliondoka mwaka jana pamba ikiwa bado shambani. Hajarudi hata mara moja. Jenereta haiachwi, taa zikizimika wageni wanalalamika. Mayu, mama yangu, anasema atakuja akija. Akishasema hivyo anageuka kukoroga chungu, hata kama chungu hakina kitu.

Jumanne, 4 Julai

Nina mpango. Mzee Hamza wa dukani ana lori linalopeleka mchele na vitunguu kwenye hoteli ya kina Baba kila Ijumaa alfajiri. Linatoka hapa Bariadi, linapita Lamadi, linaingia getini, linafika. Klabu ikae juu ya magunia. Kukodi hakuna.

Nikamnong'oneza Winnie, ninayekaa naye dawati moja. Winnie ana mdomo unaotutosha wawili. Akasimama akasema. Constantine akadai wazo hilo analo tangu likizo. Akapigiwa makofi.

Baada ya masomo akaenda dukani na kamati yake. Mzee Hamza akahutubiwa kwa Kiingereza, ili aone kwamba ni jambo la shule. Winnie alikuwepo, anasema hotuba ilikuwa nzuri, ilikuwa na urithi wa taifa na faru. Mzee Hamza akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, mkono umelala kwenye mizani. Kisha akauliza, haya kijana, unataka ya mche au ya unga? Constantine karudi na sabuni.

Nilicheka sana. Nikanyamaza nilipokumbuka kwamba iliyokufa ni safari yangu.

Jumatano, 5 Julai

Winnie kasema niache kuzunguka, nikamwombe dereva mwenyewe. Anaitwa Machibya, anakunywa chai kwenye kibanda mkabala na duka. Sentensi yenyewe ni fupi. Shikamoo, Baba yangu yuko huko, naomba lifti. Nikaifanyia mazoezi njia nzima, mbuzi wakanielewa.

Nikafika, nikasimama. Machibya akainua kichwa, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwuliza ni saa ngapi. Akanitajia. Nikashukuru.

Nikazunguka soko lote, nikarudi. Safari hii alinitajia saa kabla sijafungua mdomo.

Alhamisi, 6 Julai

Mpango mwingine, na huu una akili. Nisiseme mimi. Aseme Guku. Huyo ni babu yangu Luhaga, ndiye anayesemea ukoo kwenye posa na misiba, hajawahi kurudi mikono mitupu. Nikamwambia kwamba Baba anahitaji sweta lake, kule kuna baridi, na wa kumpelekea ni mimi. Akaniangalia. Akasema mke wangu, kumbe unanitoroka unakwenda kwa mwanangu, na ng'ombe zangu atarudisha nani? Huo ni utani wake wa kila siku. Akachukua fimbo.

Machibya alikuwa anapakia mchele. Guku akamsalimu, mwadila. Machibya akaacha gunia, akaitikia. Guku akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua iliyopita. Zikajibiwa zote. Akauliza wewe ni mtoto wa nani. Machibya akamtaja baba yake, akamtaja babu yake, akafika kwa bibi yake wa Mwamapalala. Guku akashika kichwa. Bibi huyo ni mdogo wake mama yake Guku, tumbo moja. Wakakumbatiana, unga wa mchele ukamrukia Guku kwenye ndevu. Huyu ni mwanangu, Guku akamwambia Mzee Hamza, ambaye alikuwa anataka tu magunia yake yapakiwe.

Lifti haikutajwa.

Machibya akaletwa nyumbani. Kuku akachinjwa. Nikamnawisha mikono, sasa namwita baba mdogo, na yeye ananiita mwanangu. Kuku alipobaki mifupa ndipo Guku akakumbuka, akaomba. Machibya akacheka kwa huruma. Akasema mzee wangu, angekuwa mtoto wa mtu baki ningemrusha juu ya magunia hata sasa hivi. Lakini huyu mwanangu, nimpandishe kule juu na matingo wa mizigo? Barabara yenyewe unaijua. Yakitokea ya kutokea nitamtazamaje kaka yangu? Guku akasema umesema neno la kiume. Wote wakafurahi kwa jinsi ninavyopendwa.

Sweta limekwenda. Limekaa mbele, karibu na dereva.

Ijumaa, 7 Julai

Saba Saba. Watu wako uwanjani, kuna ngoma na soda. Mimi nimejitolea kwenda kusaga. Mayu anadhani nina bidii.

Napenda pale mashineni. Baba alinifundisha kusikiliza injini. Alikuwa ananisimamisha mlangoni kiwandani, ananiambia funga macho, sema inaumwa wapi. Nilikuwa nasema hapa inakohoa, na yeye anapeleka spana palepale, na inapona. Kwake nilikuwa naongea. Mayu anaweza kushuhudia.

Zamu yangu ilifika, nikampisha mama mmoja. Nikampisha na mwingine. Injini ya mashine ile ina kikohozi kidogo upande wa kulia. Sikumwambia mtu. Unga nilifika nao jioni.

Jumapili, 9 Julai

Mama yake Winnie amekwenda Lamadi kununua dagaa. Mimi na Winnie tukaenda kumsaidia kubeba. Huo ndio mpango ambao Mayu aliambiwa. Wenyewe ni huu: basi la Arusha linasimama Lamadi, kisha linapita katikati ya mbuga. Ningepanda. Winnie kaniazima nauli, pesa aliyoficha kwa ajili ya viatu vya ngozi bandia, na kwa Winnie hiyo ni sadaka kubwa.

Lamadi inanuka samaki na dizeli. Dizeli ndiyo harufu ya Baba, nikakaribia kulia kabla hata basi halijafika.

Likaja, limejaa vumbi mpaka kwenye vioo. Kondakta akaruka chini, akapita watu wote, akanijia mimi. Urefu una hasara hiyo. Akasema dada Arusha hiyo, nafasi ipo, dirishani kabisa, unakwenda?

Nikasema hapana kaka, naangalia tu.

Akasema haya, angalia vizuri. Akapanda. Likaondoka. Niliona kiti chenyewe. Dirishani kweli.

Tukamaliza kufunga dagaa. Ndipo Winnie akasema, Felisita, umetoka Bariadi mpaka hapa kuja kumwambia kondakta hapana? Ungemwambia ukiwa nyumbani, ungeokoa soli za viatu vyako. Mama yake akauliza kondakta gani. Tukasema hakuna.

Jumatano, 12 Julai

Baba kaja.

Gari la hoteli lilikuwa linatoka Mwanza kufuata vipuri. Lilipofika Lamadi Baba akamsihi dereva wakunje kona waje Bariadi, chakula cha mchana tu, halafu warudi. Machibya alikuwa amemfikishia sweta na maneno. Alimwambia kaka, una binti anauliza saa kama mtu anayengoja kitu.

Nilirudi kutoka shule nikalikuta gari uani, la kijani, kuku wako chini yake. Baba amekaa kwenye kiti chake. Kiti kile hakuna aliyekikalia mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kukataza. Mayu amevaa kitenge cha kanisani siku ya Jumatano. Anakoroga chungu, na safari hii kina kitu.

Nikapiga goti, nikamwamkia. Akasema umekuwa mrefu. Nikasema ndiyo Baba. Shule? Nzuri. Kiingereza? Kizuri. Guku akasema huyu mke wangu siku hizi ni mkimya kama benki. Baba akacheka. Amekonda. Kidole kimoja amekifunga kitambaa, nilitaka kuuliza kimekuwaje. Nikamwongezea mchuzi.

Wakati wa kuondoka akasimama mlangoni pa gari. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, sanduku la vipuri lilikuwa upande mmoja tu. Akanitazama, akalitazama gari. Akasema, Feli, si upande tukakae mpaka Jumamosi? Machibya atakurudisha, safari hii utakaa mbele. Uone tembo. Uisikilize na ile jenereta, kuna mahali inanishinda.

Naandika nilichojibu. Nilijibu, hapana Baba, asante, kuna shule.

Nieleweke. Mayu amenilea kwamba ukikaribishwa, mara ya kwanza unakataa. Chakula, kiti, zawadi, unakataa kwa adabu ili usionekane mlafi, na mwenyeji anakubembeleza, na mara ya pili unapokea kwa mikono miwili. Kila mtu anajua. Nilikuwa nangoja mara ya pili. Mikono nilishaiweka tayari.

Lakini Baba macho yakamlowa. Akamgeukia dereva akasema, umeona? Hawa ndio watoto. Mimi niliacha shule kufuata ng'ombe, huyu anaacha tembo kufuata shule. Akanishika kichwa. Akasema umenifundisha, mama, shule kwanza.

Mayu alinitazama. Yeye alijua. Akafungua mdomo, nikaona kabisa anataka kusema. Halafu akaona Baba alivyofurahi, akaufunga. Kumbe haya mambo nimeyarithi.

Gari likaondoka. Lilikuwa zima, halikohoi popote. Tulisimama mimi na Mayu mpaka vumbi likatulia, kisha akasema tuingie, hakuna kitu njiani.

Alhamisi, 13 Julai

Sikulia sana. Shuleni Constantine katangaza mpango wa kwenda mbugani kwa baiskeli. Mwalimu Januarius kauliza nani atamweleza simba kwamba tumepanga foleni.

Nimetafakari siku nzima, somo la hesabu nimelikosa lote, na nimepata kosa lilipokuwa. Njia zangu zilikuwa ndefu mno. Magari, mabasi, dagaa. Baba hahitaji chochote kati ya hivyo. Anahitaji kujua tu kwamba ile hapana ilikuwa ndiyo.

Basi nimepanga hivi. Winnie jioni atakwenda kwa Guku kumwambia. Guku atamsubiri Machibya wakati wa kupakia mchele, watasalimiana, na ng'ombe wataulizwa habari, halafu atamwambia. Machibya atafika kesho hotelini, atamwambia mpishi, maana Baba mchana analala. Mpishi atamwambia Baba akiamka. Baba akishaelewa atatuma niitwe kwa njia hiyohiyo, na mara hiyo nitakubali. Ila nitakataa kwanza kidogo.

Mayu yuko hapa mlangoni anachambua mchele. Kaniuliza mara mbili kama nina jambo la kumwambia. Nimesema hapana.

Watu wanne kwa neno moja. Nimefikiri kila upande, sioni njia fupi zaidi.