Bomba la Nyuma ya Bafu

Jumatatu, 4 Machi
Daktari kasema moyo umechoka, nijiandae. Nimejiandaa, ila kuna bomba. Nilipokuwa mkuu wa mtambo wa majitaka, gesi itokayo kwenye matangi ya uchafu ilichomwa hewani bure. Nikaichepusha kidogo hadi bafuni kwangu, nyuma ya ukuta wa mtambo. Ndoo mbili za maji moto kila jioni. Gesi nyingi vile, nani angehisi? Nyumbani wanaamini inatoka kwenye mtungi. Mtungi ni mtupu. Huupaka rangi kila mwaka.

Jumanne, 5 Machi
Binti yangu, ambaye sasa ndiye mkuu pale, karudi amenuna. Jenereta yao mpya, inayokula ile gesi, huzimika kila saa kumi na mbili jioni. Anasema fundi wa zamu analala kazini, Ijumaa atamfukuza. Nikauliza kama hakuna sababu nyingine. Akasema, "Baba, wewe pumzika." Nimepumzika. Kisha nimeoga.

Jumatano, 6 Machi
Mpango: nisioge, jenereta isizimike, fundi apone, nami nife na heshima zangu. Sikuoga. Haikuzimika. Binti kafurahi: kumbe fundi akitishwa anaamka! Sasa ana hakika ni uzembe. Atamfukuza tu.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kaja kuniaga. Nilimfundisha kazi mwenyewe. Kasema, "Mzee, nimepaka povu la sabuni kila kiungo cha bomba la gesi, kote ndani ya ukuta wa mtambo. Hakuna panapovuja." Mikono yake imechubuka kwa sabuni. Sikuweza kuitazama.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekiri. Niliwapeleka wote wawili nyuma ya bafu, nikiegemea mkongojo. Binti akauinua mtungi kwa kidole kimoja. Akamwomba fundi radhi, mbele yangu. Fundi akalikata bomba, akasema, "Mzee, ungeniambia tu." Roho yangu nyeupe. Naweza kwenda sasa.

Jumapili, 10 Machi
Maji baridi yanatafuna mifupa. Fundi, katika kunifariji, kanieleza kwamba jenereta hupozwa kwa maji, nayo hutoka yakiwa moto sana, kisha huenda kupasha matangi ili yazidi kutoa gesi. Bomba la maji hayo linapita hatua kumi toka bafuni. Matangi makubwa vile, yatahisi ndoo mbili? Nimeazima spana yake. Nimemwambia ni ya kukazia kitanda. Daktari anashangaa: moyo umepata nguvu.