Kamati ya Urithi Hai na Mlango wa Mama Pasi

"Kuanzia asubuhi hii adhimu, mtaa wenu si mtaa tena. Ni Eneo la Urithi Hai, Utalii Endelevu na Mipango ya Utamaduni ya Kanda. Hongereni sana."

Tangazo lilitoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la serikali, na kusema kweli lilisomwa vizuri, kwa kituo na kwa madaha, kama linavyostahili kusomwa jambo ambalo hakuna aliyeliomba. Mama Pasi alilisikia akiwa mlangoni kwake na ndoo ya maji ya kuchanganyia saruji. Fundi mwashi alikuwa ameshainua nyundo. Akaishusha taratibu.

"Hongera ya nini?" fundi akauliza.

"Mimi najua? Wewe piga."

Fundi hakupiga. Gari lilikuwa limesimama mbele ya pua yake, na wataalamu watatu walikuwa wanashuka. Wa kwanza alikuwa Mtaalamu wa Utalii Endelevu, ambaye pia ndiye Mwenyekiti wa Kamati, bwana mwenye kitambi cha heshima na viatu visivyojua vumbi. Wa pili, Mtaalamu wa Uhifadhi wa Kanda, mama mwembamba aliyekuwa akigusa kuta kwa ncha ya kidole kama anayepima homa. Wa tatu, Mtaalamu wa Mipango ya Utamaduni, kijana mtanashati, alikwishaanza kupiga picha kandambili za watu zilizoachwa nje ya milango.

Inafaa msomaji aelewe ule mlango ulikuwa na nini. Mama Pasi aliitwa hivyo kwa sababu alipiga pasi nguo za mtaa mzima, na aliishi na mama yake mzazi, ambaye watu wote walimwita Bibi. Miguu ya Bibi ilikuwa imegoma. Mwanawe wa kiume aliyeko mbali alimletea kiti cha magurudumu, kizuri, cha kukunja. Kiliingia ndani kikiwa kimekunjwa, kikakunjuliwa, Bibi akakalia, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba hakitoki. Mlango ulikuwa mwembamba na kizingiti chake cha chini kilikuwa kimeinuka sana. Basi Bibi akawa anasafiri kutoka jikoni hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi jikoni. Majirani walijitolea kumbeba. Akakataa.

"Mimi si kabati," alisema, "la kubebwa na wanaume huku wanaambiana shika huku, inua huko."

Alichotaka kilikuwa kidogo tu: atoke mwenyewe, kwa kiti chake, afike mwisho wa mtaa aone watu. Mama Pasi alikuwa amemwahidi, na asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya ahadi.

"Shikamoo mheshimiwa," Mama Pasi alimwambia Mwenyekiti. "Sisi tunapanua mlango kidogo tu. Mama yangu apite na kiti."

"Marahaba. Lakini mama, huo si mlango," Mwenyekiti alijibu kwa upole wa daktari. "Hicho ni kizingiti cha kihistoria."

"Historia gani? Alikijenga marehemu baba, na alikosea vipimo. Alisema mwenyewe mpaka anakufa."

"Kosa hilo sasa ni la taifa."

Akamweleza kanuni, ambayo aliitunga mwenyewe na kuipenda sana: Urithi Hai haubomolewi, hautengenezwi, wala hauhamishwi. Fundi mwashi alikusanya vifaa vyake akaondoka bila kuaga. Mtaalamu wa Uhifadhi alikipapasa kizingiti akasema kimetulia.

Kwa haki kabisa, hatuwezi kusema wataalamu hawakufanya kazi. Walifanya. Fundi cherehani aliamriwa kuchomoa mashine yake ya umeme, kwa kuwa wageni hupenda ya miguu. Ya miguu hakuwa nayo, hivyo akawa anakaa mbele ya meza tupu akitabasamu kwa utaratibu aliopangiwa. Fundi simu aliambiwa kazi yake si ya asili, akajificha chini ya kaunta, na mteja akitaka kubadilishiwa kioo ilibidi apige magoti. Mama Pasi mwenyewe alirudishwa kwenye pasi ya mkaa. Mashati ya Mwenyekiti yakaanza kupelekwa mtaa wa pili, ambako umeme ulikuwa bado unaruhusiwa.

Mtu akiwa na shida, milango ilikuwa wazi. Kamati ilikodi nyumba ng'ambo ya barabara, yenye mlango wa mbao mbili mpana wa kupitisha ng'ombe na dirisha kubwa linalotazama nje. Humo iliketi kila siku ya kazi. Mama Pasi alipokwenda kuomba ruhusa, alipokewa vizuri na kuambiwa suala lake limepokelewa na litajadiliwa chini ya Mengineyo, ajenda ya mwisho.

"Mengineyo ni lini?"

"Baada ya Yatokanayo," Mtaalamu wa Mipango alisema, akamwonyesha benchi.

Akakaa. Kikao kilifunguliwa kwa kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Katika kikao kilichopita walikuwa wamesoma kumbukumbu za kikao kilichotangulia, hivyo kumbukumbu za sasa zilieleza jinsi kumbukumbu zile zilivyosomwa, nani alikohoa, na nani aliomba ufafanuzi. Zikishathibitishwa, waliingia Yatokanayo. Siku hiyo katika Yatokanayo kulizuka hoja nzito: je, chai ya kikao kilichopita iliingia kabla ya Yatokanayo au wakati wa Yatokanayo? Mwenyekiti alikumbuka kabla. Mtaalamu wa Uhifadhi alikuwa na hakika ni wakati, kwa kuwa aliungua ulimi akiwa anachangia. Wakati wanalisaka jibu, chai ikaingia. Walipomaliza kunywa, muda ulikuwa umekwisha, kikao kikaahirishwa.

Nyumbani Bibi alikuwa dirishani akingoja.

"Wamefika wapi?"

"Yatokanayo."

"Walianzia wapi?"

"Kumbukumbu."

"Basi wanasogea," Bibi akasema.

Kesho yake walirudi Kumbukumbu, maana palikuwa na mengi ya kukumbuka kuhusu ile chai. Mama Pasi akawa mtu wa benchi. Nguo za watu zililundikana, pasi ya mkaa ikatoboa blauzi ya mke wa mwenye duka, na Bibi akaacha kuuliza wamefika wapi. Hilo ndilo lililomuuma Mama Pasi kuliko yote. Mama yake alipokuwa akiuliza, angalau walikuwa wanangoja pamoja. Siku aliyonyamaza, Mama Pasi aliinama juu ya nguo za watu akalia, na akalazimika kuzifua upya.

Kisha wageni wakaja. Walikuja kwa basi dogo lenye viyoyozi, wamevaa kofia pana, na mwongozaji wao akawashusha mwanzoni mwa mtaa. Walimtazama fundi cherehani akitabasamu mbele ya meza tupu. Walitazama kandambili. Walitazama kizingiti cha Mama Pasi kwa muda wa kutosha mtu kupiga chafya, wakapiga miayo. Jua lilikuwa kali, mwongozaji akaona aibu, akawaingiza kwenye nyumba ya Kamati wapate kivuli. Wakabanana kwenye benchi pamoja na Mama Pasi.

Sasa, Mwenyekiti kwa muda mrefu alikuwa akisubiri uhamisho wa kwenda makao makuu. Alikuwa ameahidiwa ofisi yenye zulia. Alipoona wageni wanaingia na kofia zao, alijua moja kwa moja kuwa ni wakaguzi waliotumwa kumpima. Akanyoosha tai, akakohoa, akasoma Kumbukumbu kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa tangu siku ya harusi yake. Wenzake wakamfuata. Mtaalamu wa Uhifadhi aliomba ufafanuzi. Mtaalamu wa Mipango aliomba ufafanuzi wa ufafanuzi. Suala la chai lilirudi likiwa na nguvu mpya.

Mgeni mmoja wa kike alimwinamia Mama Pasi. "Samahani, mama. Wanafanya hivi kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

"Na huwa wanamaliza?"

"Sijamwona mtu aliyewahi kuona."

Mgeni yule alikunja mikono kifuani, macho yakimng'aa. Kikao kilipoahirishwa, wageni walisimama wakapiga makofi mpaka vumbi likashuka kutoka darini. Mwenyekiti aliinama kidogo, kwa unyenyekevu wa mtu anayejua thamani yake.

Wiki iliyofuata mabasi yalikuwa yanapanga foleni. Wageni walipita mtaani bila kugeuza shingo, wakaenda moja kwa moja kwa Kamati. Waliokosa nafasi ndani walijazana dirishani. Wengine walirudi mara ya pili wakaleta shemeji zao. Ikabidi Mama Pasi awahi asubuhi, vinginevyo hapati pa kukaa katika kikao kinachohusu mlango wake.

Habari zilifika makao makuu, na Katibu Mkuu akaja mwenyewe, mzee mtulivu asiyependa kelele. Siku hiyo Mwenyekiti alivaa suti mpya. Alikuwa amekwisha kuaga pale alipopanga na mizigo yake iko ndani ya gari. Katibu Mkuu aliketi mbele, akasikiliza Kumbukumbu zote, akasikiliza Yatokanayo, akanywa chai. Kikao kilipoahirishwa alitoa leso akafuta macho.

"Nimezunguka kanda nzima," alisema, "nikitafuta kitu kimoja tu ambacho mabadiliko hayajakigusa. Nimeonyeshwa ngoma, zimewekewa muziki wa umeme. Nimeonyeshwa magofu, yamepakwa rangi. Leo nimekiona. Natangaza kwamba Kamati hii, kama ilivyoketi, ni Urithi Hai."

Makofi yalikuwa makubwa. Mwenyekiti naye alipiga, halafu mikono yake ikapunguza mwendo.

"Nashukuru sana, mheshimiwa. Na kuhusu ule uhamisho wangu?"

"Urithi Hai hauhamishwi. Si kanuni yako? Umeiandika vizuri mno, hatukubadilisha hata nukta."

Mtaalamu wa Uhifadhi aliuliza kama walau feni, ambayo haitoi upepo bali makelele, inaweza kushughulikiwa. Katibu Mkuu alisikitika. Feni nayo haitengenezwi. Mtaalamu wa Mipango alikuwa anawatazama wageni dirishani, ambao walikuwa wanampiga picha viatu.

Mama Pasi alisimama pale kwenye benchi.

"Mheshimiwa, na mlango wangu?"

"Mlango gani?"

"Upo Mengineyo," Mwenyekiti akadakia, na kwa mara ya kwanza alimtazama Mama Pasi kama mtu aliye mtoni anavyomtazama aliye ukingoni. "Tunaweza kuufikia sasa hivi. Mimi naruhusu. Tufungue Mengineyo, tumalize, tutawanyike."

"Usithubutu," Katibu Mkuu alisema. "Mkifika Mengineyo mtakuwa mmeuharibu urithi." Kisha akamgeukia Mama Pasi. "Mama, huo mlango wako, kuna mgeni anayekuja kuutazama?"

"Hakuna, mheshimiwa. Walikuja siku moja wakapiga miayo."

"Basi si kivutio. Vunja. Na sehemu nyingine yote ya mtaa nayo iachwe, watu warudi kwenye shughuli zao."

Mama Pasi hakungoja chai. Alimkuta fundi mwashi kazini kwa watu, akamshika mkono akamleta. Kosa la marehemu baba lilianguka alasiri ile ile, na fundi akamwaga mteremko laini wa saruji mahali pa kizingiti. Saruji ilipokauka Bibi alivaa kanga mpya, akakataa kusukumwa, akashika magurudumu kwa mikono yake akatoka. Mama Pasi alitembea pembeni yake, anacheka na machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Fundi cherehani alinyanyua mkono kutoka kwenye mashine iliyokuwa inanguruma. Fundi simu alitokeza kichwa juu ya kaunta akamwamkia. Walipofika mbele ya nyumba ya Kamati, wageni wa dirishani walimwona mzee kwenye kiti wakampisha mbele, mahali pazuri pa kutazamia.

Bibi alichungulia. Ndani, watu watatu walikuwa wameketi chini ya feni inayolia, na mmoja wao, mwenye suti iliyokunjamana, anasoma karatasi.

"Hawa wanatoka saa ngapi?" Bibi akauliza.

"Hawatoki, mama. Wamehifadhiwa."

Bibi akageuza kiti.

"Twende zetu, mwanangu. Si vizuri kumtazama mtu aliyefungiwa ndani."

Hakuwa amenong'ona. Mwenyekiti alisikia, akainua macho, na alipoyarudisha kwenye karatasi hakujua tena alikuwa mstari gani. Ikambidi aanze kusoma upya kutoka mwanzo, na wageni wakapiga makofi.