Nyumba ya Mama Mkwe Kutoka Juu

Jumatatu, 4 Machi
Nimerusha droni juu ya nyumba ya mama mkwe. Picha arobaini, moja imetoka safi. Jumapili anatimiza miaka sabini, na zawadi ni picha hii, upana mita moja na nusu, ukutani sebuleni. Mke wangu kasema mama asipoipenda, droni inauzwa. Shemeji yangu, mwenye studio ya picha, kajitolea kunisaidia kuisafisha. Najua janja yake, anataka sifa ziwe zake. Nimekataa kwa heshima zote.

Jumanne, 5 Machi
Kusafisha picha kwenye kompyuta ni kipaji, jamani! Bati lilikuwa na kutu, nimelipaka bluu. Majani nimeyakoleza kijani mpaka macho yananiwasha. Kamba ya nguo, kwaheri. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha saruji, kibaya, kimepasuka. Nimenakili majani ya pembeni, nikakifunika. Huwezi kujua kama kuliwahi kuwa na kitu.

Alhamisi, 7 Machi
Mchapaji kashauri tutoe kwanza kipande cha majaribio, tena nimwonyeshe mtu wa nyumba ile. Nimemwambia achape tu. Picha ikatoka giza tupu. Kumbe skrini yangu niliiongeza mwanga hadi mwisho! Mchapaji kasema ndiyo maana watu hujaribu kwanza. Ana mdomo huyu. Nimeipa picha mwanga, tumechapa upya. Bila majaribio.

Jumapili, 10 Machi
Sebule imejaa wakwe. Nikaifunua mwenyewe. Makofi! Mama mkwe akavaa miwani, akapitisha kidole nyuma ya nyumba, akauliza kwa upole mzee wake nimempeleka wapi. Sikuelewa. Mke wangu akaninong'oneza: ile saruji ni kaburi la baba. Miaka sita niko mkwe wao, huko nyuma sijawahi kufika. Mama akasema magoti hayamfikishi tena pale, alitaka awe anamwona akiwa kwenye kiti chake. Nilitamani ardhi ipasuke. Shemeji alikohoa muda mrefu kuliko kawaida. Nimepewa hadi Jumatano.

Jumanne, 12 Machi
Shemeji kashauri nichape picha ya awali, vilevile ilivyokuwa. Mtu hana ubunifu kabisa. Baba mkwe nimemrudisha, tena kwa marumaru, maana ile saruji ilikuwa na nyufa. Ila kaburi moja lilielemeza picha upande mmoja. Nimenakili la pili, nikalipanga ubavuni mwake, na nafasi ya jina nimeiacha wazi. Mama mkwe atalia kwa furaha.