Ubao Uliooza wa Boti ya Kiogoro

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Boti imefika! Imetoka Kisumu hadi hapa Kiogoro juu ya lori la ndizi. Watu wameacha majembe kuja kuitazama. Mimi Nyangate, karani wa mjini Kisii, ndiye wa kwanza kilimani hapa kumiliki chombo cha majini. Injini yake hainingʼinii nyuma. Imo ndani, tumboni. Mzungu aliyeniuzia alikuwa anarudi kwao, hakunipa hata nafasi ya kuikagua. Mungu ambariki kwa haraka yake.

Mpango: kupakia ndizi Kendu Bay na kuzivusha hadi Kisumu. Mke wangu Tryphosa aliuliza ziwa liko wapi. Nikamwonyesha magharibi. Akasema yeye anaona migomba tu. Ngʼombe wake wa maziwa ndiye aliyegeuka boti, kwa hiyo sikubishana. Namshukuru kwa uvumilivu.

Jumanne, 3 Agosti

Balaa! Nilikuwa nikipangusa ule ubao mpana unaofunga boti kwa nyuma, penye usukani na tundu la bomba la moshi. Nikaona doa jeusi kando ya tundu. Nikaligusa kwa kisu. Kisu kikazama hadi mpini! Yakatoka maji ya kahawia, yenye harufu ya kinamasi. Ndani mbao zimekuwa uji wa wimbi.

Na nani akapita wakati huohuo? Angwenyi. Seremala, jirani yangu, na ndiye aliyechaguliwa mzee wa kanisa mwaka ule ambao mimi nilikuwa nimekwisha kushona suti. Akagonga ubao kwa kidole, huku na huku. Mahali pengine paliitika, pengine pakanyamaza. Akasema ubao wote utolewe, mpya uwekwe. Nikiziba tu, maji yatabaki ndani yakila. Nikamshukuru kwa adabu. Nikangoja aondoke.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimepata dawa: simiti! Nimechokoa uozo wote ninaoweza kuufikia. Nikachanganya simiti na unga wa mbao, nikajaza. Unga wenyewe nimeomba kwa Angwenyi, nikamwambia ni wa kuwatandikia kuku. Akanipa gunia zima. Moyo mzuri, lakini hana akili ya biashara.

Kisha rangi ya buluu, mara tatu. Unangʼaa! Nikamwita Angwenyi aje ajionee. Akagonga. Akasema, “Sasa umenyamaza wote.” Nikaipokea kama sifa.

Jumamosi, 7 Agosti

Sabato. Mchungaji alihubiri juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa, akitazama upande wangu. Nilimhurumia Angwenyi, aliyekuwa ameketi nyuma yangu.

Jumapili, 8 Agosti

Nguo zangu bado zinachuruzika maji.

Tulifika Kendu Bay saa nne. Angwenyi alikuwa ameomba nafasi kwenye lori, amebeba kamba ndefu. Sikuuliza. Tryphosa alipanda boti akaketi juu ya ndizi. Akasema ngʼombe wake akienda, naye anakwenda. Injini ikawaka mara ya kwanza! Wavuvi wakapiga makofi. Nikawapungia kofia.

Hatukwenda mbali. Injini ilitetema, simiti ikalia kama jino linalongʼolewa, kisha ikachomoka nzima kama mkate. Usukani ukaifuata. Ziwa likaingia.

Sisi ni watu wa milimani. Hakuna anayejua kuogelea. Nilisimama nikiwa na kofia mkononi, maji yakipanda magotini, na sikuweza kukumbuka hata sala moja. Tryphosa hakupiga kelele. Alisema, “Baba Nyanchera, nishike mkono.” Nikamshika. Ndipo nikamwona Angwenyi, maji kifuani, wavuvi wamemshika kiuno asisombwe, akiturushia kamba.

Walituvuta hadi kwenye tope, sisi na boti. Nikalia mbele ya watu. Tryphosa hakuniachia mkono hadi tulipofika kwenye lori. Kisha akasema kwamba ngʼombe wake alijua kuogelea.

Asante, Nyasae, Mungu wetu. Asante kwa ajili ya mke huyu.

Jumanne, 17 Agosti

Angwenyi amemaliza! Siku nane. Alikata uozo wote hadi akafikia mbao zinazoitika. Akaacha pakauke. Ameweka mvule mpya, mbao mbili zilizogundishwa na kukazwa kwa bolti. Amekataa malipo.

Nilimuuliza kwa nini siku ile alibeba kamba. Akajibu kwamba mtu akiomba unga wa mbao kwa ajili ya kuku, na hana hata kuku mmoja, jirani mwema humfuata na kamba. Nikamuungamia pia habari ya uzee wa kanisa, jinsi nilivyomkasirikia miaka yote hii. Akasema alijua. Akasema ile suti ilinikaa vizuri sana.

Sijawahi kuwa na ndugu kama huyu.

Jumatano, 18 Agosti

Nimeamka nimejaa shukrani hadi kooni. Lazima nimlipe Angwenyi wema wake! Amekwenda Nyacheki kwenye harusi ya mpwa wake, atarudi Ijumaa. Nafasi imejileta yenyewe: paa la karakana yake linavuja.

Nimepanda kukagua. Bati moja limeoza kidogo. Kidole kiliingia chote, lakini pembeni ni zima kabisa. Fundi mwingine angesema libadilishwe. Upotevu mtupu! Kipande cha gunia, lami juu yake, rangi kidogo, basi.

Tryphosa anaita kutoka chini, anauliza kama mwenyewe anajua. Nimemjibu kwamba shukrani ya kweli haiombi ruhusa.

Lami imeanza kuchemka.