Dawa Yako ya Sigara Haijaua Hata Moja

Ndugu Mfamasia,

Salamu nyingi kutoka kibanda cha viatu, ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wako. Nakuandikia badala ya kuvuka kwa sababu nikivuka nitapandwa na hasira, na wewe ni mteja wangu.

Unakumbuka nilivyokuja nimenywea. Binti yangu kajifungua, na amekataa katakata nimbebe mjukuu maadamu nanuka moshi. Nimekuwa babu wa kuchungulia mlangoni, na inaniuma kwelikweli. Ukanipa dawa ya sigara. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dawa haifanyi kazi. Dawa ya panya huwekewa panya. Dawa ya mbu hupuliziwa mbu. Dawa ya viatu, ambayo ndiyo fani yangu, hupakwa viatu. Sijaona mteja akiilamba. Basi nikavisaga vidonge vyako vyote, nikazinyunyizia sigara ndani ya pakiti. Mpaka leo zimelala humo nzima nzima, hakuna hata moja iliyokufa.

2. Ulisema inatokana na mti wa maua ya manjano ambao mbegu zake ni sumu, ila kiwandani hupimwa kidogo kidogo. Sasa nani atathubutu kuvuta sigara iliyolala na sumu? Umeniharibia pakiti.

3. Kununua nyingine siwezi. Nitaitia mfuko uleule wa koti, na mfuko umeshaingia unga wa dawa. Kumwomba kinyozi jirani sigara moja pia haifai, maana vidole vilivyosaga ni hivi hivi vyangu. Kwa hiyo tangu siku ile sijavuta, na kosa ni lako.

4. Ulisema dawa huudanganya mwili ukadhani umepata sigara. Mimi simdanganyi mtu, isipokuwa ninapomwambia mteja aje kesho.

Naomba basi dawa kali zaidi, itakayoziua nikiona kwa macho yangu. Nisalimie wote hapo dukani, hasa yule dada wa kupima presha. Mwambie viatu vyake vitakuwa tayari kesho.

Wako anayesubiri haki,
Fundi Viatu

Tanbihi: Binti amepita kibandani sasa hivi. Kanusa koti, kanusa vidole, akakuta gundi na ngozi tu. Akanitazama, kisha akanikabidhi mtoto. Futa malalamiko yote. Na uniwie radhi kwa mwandiko huu, naandika kwa mkono mmoja.