Roshani Juu ya Kiwanda cha Rangi

Jumatatu, 3 Juni
Uniwie radhi, shajara, kwa kukutupa miezi yote hii. Nilikuwa naota, na ndoto haikutaka kalamu. Kiwanda cha rangi kimebomolewa. Patajengwa nyumba za kukinga maji ya mvua na kutumia umeme wa jua, na sisi wapangaji wa zamani wa vyumba vya kando yake tutapewa kwanza. Leo nilibeba kiti, nikaketi kwenye magugu, mahali itakapokuwa roshani yangu. Upepo mwanana. Nusura nisikie birika likichemka jikoni kwangu. Fundi cherehani, mpangaji mwenzangu wa zamani, akapita, akaniuliza kama mimi mwalimu nasubiri basi. Nikamjibu kwamba amesimama sebuleni kwangu bila kupiga hodi.

Jumanne, 4 Juni
Mhandisi, binti mpole mwenye buti, amepigilia vigingi. Kesho atachota udongo penye kila kigingi apime sumu. Ukiwa mchafu, ujenzi utangoja. Mimi siwezi kungoja. Nalala sebuleni kwa mwanangu, na mkwe wangu ameuliza tena, kwa adabu zote, kama kochi halimchoshi baba. Shauri limenijia: udongo safi huletwa.

Jumatano, 5 Juni
Asubuhi mapema nimefukua shimo penye kigingi cha roshani yangu, nikalijaza udongo wa nyuma ya gereji. Mweusi, laini, unang'aa kama umepakwa mafuta. Nikaushindilia kwa viatu vya harusi. Fundi akaniuliza nimemzika nani. Nikamwambia ashone yake.

Ijumaa, 14 Juni
Majibu. Kiwanja chote ni salama, ila penye kigingi changu. Mafuta machafu ya magari, tele. Mhandisi haelewi yalifikaje. Jengo langu limefutwa kwenye ramani. Patapandwa miti ya kunyonya uchafu. Fundi amepewa nyumba inayoitazama miti hiyo. Alinipa pole huku akijishika mbavu. Mkwe wangu amelinunulia kochi shuka mpya. Nimeelewa.

Jumamosi, 15 Juni
Nimelala mchana, nikaona majani yakicheza dirishani kwangu, ghorofa ya pili. Kosa lilikuwa la gereji. Nimemwomba mhandisi apime upya. Anawauliza wakubwa wake. Safari hii nimepata udongo bora, nyuma ya karakana ya betri. Mkavu, mweupe, hauna hata tone la mafuta. Msafi kiasi kwamba hata nyasi hazioti. Wakubwa wakikata shauri, nitakuandikia.