Mfinyanzi Asiye na Vidole

Jumatatu, 3 Juni

Leo mwalimu wetu wa michoro ametoa tangazo. Ijumaa ya wiki ijayo mhariri wa kampuni ya vitabu vya watoto atakuja chuoni, atapekua kazi za mwaka wa mwisho, kisha atachukua mtu mmoja akafanye kazi naye. Mmoja! Yaani mimi. Wengine wamekuja duniani kunisindikiza.

Sote tumepewa hadithi moja tuichoree picha: bibi mfinyanzi anamfundisha mjukuu wake kufinyanga vyungu. Kurasa kumi na mbili. Nimeisoma, jasho likanitoka. Kazi ya mfinyanzi yote ni viganja na vidole, nami siri yangu tangu mwaka wa kwanza ni kwamba siwezi kuchora kiganja. Nikijaribu hutoka chane ya ndizi. Uso nachora. Nguo nachora. Hata mbuzi anayepiga chafya nachora. Kiganja, hapana.

Nimewaza njia nzima hadi nyumbani. Mwenye akili hahangaiki na asichokiweza. Anakificha.

Jumatano, 5 Juni

Kazi inakwenda vizuri mno. Ukurasa wa kwanza, bibi amezamisha mikono kwenye udongo hadi viwikoni. Wa pili, yuko nyuma ya chungu kikubwa. Wa tatu kuna baridi, amejifunika shuka. Wa nne anawaza, mikono mgongoni. Wa tano nimemwekea kuku mbele. Kwenye hadithi kuku hayumo, lakini msanii ana uhuru wake.

Shangazi, aliyenilea tangu nina meno ya utoto, alizitazama aliporudi kutoka saluni kwake. Akauliza huyu mama ameiba nini hata wakamfunga kamba. Nikamweleza kwamba ni mtindo. Akasema sawa baba, mtindo mzuri, akaniongezea chai. Shida ni kwamba amekwishawatangazia wateja wake wote kuwa mwanawe atatoa kitabu. Mmoja ameomba sahihi yangu mapema. Nimempa.

Ijumaa, 7 Juni

Ukurasa wa mwisho umenikalia kooni. Hadithi inasema waziwazi: bibi akaweka viganja vyake juu ya viganja vya mjukuu, gurudumu la kufinyangia likazunguka. Hapo kuku hatoshi. Hata ng'ombe hatoshi.

Darasani kuna msichana tunayemwita Rula, maana hachori mstari bila kuupima. Hasimu wangu mkubwa. Viganja anavyochora, hadi kucha zinang'aa. Ila leo nimegundua kwamba kwenye kurasa zake zote bibi ametugeuzia mgongo. Nilidhani ni maringo ya kisanii. Kumbe hawezi nyuso! Nikamfuata maktaba, nikapendekeza tubadilishane: yeye anichoree viganja, mimi nimchoree uso. Akanitazama kama mtu aliyekutwa anaoga. Akauliza taratibu kama nimemwambia mtu. Nikasema hapana. Akacheka hadi machozi yakamtoka. Sikujua kuwa ana kicheko kizuri. Si kwamba inahusu.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango umevunjika. Viganja vya Rula ni vya mbeba mizigo, na bibi yangu mwembamba sasa anaonekana anataka kumnyonga mjukuu. Uso niliomchorea yeye una tabasamu la mtu anayeuza kiwanja kisicho chake. Mwalimu akapita, akasimama, akasema anaona watu wawili waliokutana kwenye ajali. Tukafuta wote. Kifutio kikatoboa karatasi yangu.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia Shangazi ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia pia kwamba naacha chuo. Alinisikiliza huku anakunja nguo. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akasema kesho niende saluni na penseli zangu, viganja viko pale kutwa nzima na havilipishwi.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekaa saluni tangu asubuhi. Shangazi anasuka, mimi nachora. Kwanza zikatoka ndizi. Baadaye zikatoka ndizi mbivu. Mteja mmoja alichungulia akanipa pole.

Mchana kikaletwa kitoto cha kike kinacholia, hakitaki kuguswa kichwa. Shangazi hakukigombeza. Alikipa chanuo kishike chenyewe, akaweka viganja vyake juu ya vile vidogo, wakachana pamoja hadi kilio kikaisha. Hapo ndipo nikaona. Kidole chake kidogo cha kulia kimepinda, hakinyooki. Kiganja hicho kimenifunga vifungo vya shati, kimenishika paji nikiwa na homa, na sikuwahi kukitazama hata siku moja. Nikatoa karatasi mpya ya ukurasa wa mwisho, nikachora haraka, bila kufuta. Macho yakanilowa. Nikasingizia dawa za nywele.

Ijumaa, 14 Juni

Mhariri ni mama mfupi mwenye miwani mbili, moja usoni, nyingine kichwani. Alipitia kurasa zangu moja moja. Akauliza kuku anafanya nini. Nikasema ni ishara. Akauliza ishara ya nini. Nikasema bado nafanya utafiti. Alipofika ukurasa wa mwisho akabadilisha miwani, akakaa nao muda mrefu. Akauliza viganja hivi ni vya nani. Nilikuwa na jibu la kisomi tayari, lakini mdomo ukasema ni vya shangazi yangu.

Amenichukua! Kwa majaribio, na kwa sharti kwamba kurasa nyingine zote nizichore upya, kila mtu apewe vidole vyake, na kuku aondoke. Rula alinipa mkono wa pongezi akachelewa kuuachia. Shangazi alifunga saluni mapema akatoka kuwaeleza majirani. Alilia barabarani bila kujificha, nami nikalia naye.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya kwanza kazini. Nina meza, taa na kiti kinachozunguka. Wakati kurasa za mfinyanzi zinaendelea, mhariri amenipa na hadithi mpya: fundi viatu na wateja wake. Kila ukurasa ni nyayo, visigino na vidole vya miguu. Siwezi kuchora miguu. Hutoka viazi.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikamsimulia Shangazi. Alivua viatu, akaketi, akapandisha kwenye stuli miguu yake iliyovimba kwa kusimama kutwa, akasema haya baba, chora. Moyo ukanijaa. Nampenda mwanamke huyu kuliko kitu chochote.

Nikamletea mto wa kuegemea, nikamwambia apumzike tu, asisumbuke kwa ajili yangu. Nimeshapata mpango. Mtaa wa fundi viatu umekumbwa na mafuriko. Maji yanafika magotini, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kesho nanunua rangi ya buluu.